Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Bili ya Bweni Hailei Mtoto

Mheshimiwa Waziri,

Muhula wa pili ukianza, sisi wenye watoto katika shule za bweni hulala na simu karibu. Bweni likichomwa tunajua kitakachofuata: wanafunzi watatumwa nyumbani, hasara itagawanywa sawa kwa sawa, na kila mzazi atarudi shuleni na mtoto pamoja na risiti ya benki. Aliyelipa amemaliza. Hakuna atakayemuuliza mara ya mwisho alizungumza na mwanawe lini.

Kuna wanaotaka kiboko kirudi shuleni ili kuzuia uchomaji huu. Marehemu Profesa George Magoha, akiwa katika kiti chako mwaka 2021, alilitetea wazo hilo. Lakini wavulana 67 walipoteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, kanuni zilikuwa bado zinamruhusu mwalimu mkuu kuchapa. Kiboko kilikuwepo, na petroli ikamwagwa.

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Mmarekani Diana Baumrind aliwatofautisha wazazi wa amri tupu, wazazi wa kuachilia, na wale wenye msimamo ambao pia husikiliza. Waliomfuata wakaongeza mzazi asiyejihusisha. Wote hao wana watoto katika shule zetu. Yupo baba ambaye neno lake halijibiwi. Mwanawe amejifunza kunyamaza mbele ya mkubwa na kupanga mambo gizani. Yupo mama anayeficha simu ndani ya unga wa kinywaji ili mtoto asinune. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na yupo anayetuma karo kwa M-Pesa akidhani amelea. Watoto wao wanalala bweni moja, na agizo moja la kundi la wenzao linatosha kuwaunganisha.

Simsingizii mzazi kila kitu. Mabweni yaliyofurika, chakula kibaya na walimu wasiosikiliza ni mzigo wa wizara yako. Ila kijana aliyezoea kusikilizwa nyumbani ana njia ya kulalamika kabla ya kufikia kiberiti.

Naomba waraka wenye mambo matatu. Kwanza, baada ya uharibifu, mwanafunzi asirudi darasani kabla ya kuketi na mzazi wake na mwalimu wa darasa. Mzazi asikie mwanawe akieleza alichofanya, au alichokiona akanyamaza. Pili, aliyethibitika kuharibu atengeneze kwa mikono yake wakati wa likizo, mzazi akisimamia, badala ya bili kuwaangukia hata wazazi wa wasio na hatia. Tatu, mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, apate saa za kuzungumza na wazazi, si wanafunzi pekee.

Waraka huo utufikie kabla ya muhula wa pili ujao. Tukiitwa, tutakuja, na asiyekuja, shule itakuwa imejua pa kuanzia.

Wako,
Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu