Mnyama Yuko Jumba Kubwa

Wenzangu waandishi, leo naomba tugombane kidogo.

Katika kikao chetu cha kusomeana kazi, mshikaji mmoja alipasua: eti The Wolfman, ile sinema ya mwaka 2010 ya mtu anayegeuka mbwamwitu, ni takataka ya kizungu. Kijana wa Shinyanga anayeitazama anajifunza ushirikina tu, na mwandishi anayeisifu hafai kushika kalamu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa sijajipanga. Sasa nimejipanga. Nimeirudia nyumbani, taratibu, na nasema: mshikaji, umechemsha.

Nianze kwa kukubali makosa yake, msije mkasema nazuga. Mapenzi ya Lawrence na Gwen yanachipuka kama uyoga. Mwishoni baba na mwana, wote manyoya matupu, wanapigana mieleka ndani ya nyumba inayoungua, hata mtoto anacheka. Mwongozaji, Joe Johnston, aliletwa wiki chache tu kabla ya kuanza kupiga picha, baada ya mwenzake kujitoa, na inaonekana. Iligharimu kama dola milioni 150, na majumba ya sinema hayakuzirudisha. Rick Baker na Dave Elsey, waliotengeneza sura ya mnyama, walipata Oscar mwaka 2011. Basi, sifa zikaishia hapo. Yote hayo nakubali. Ila swali langu ni moja: sinema hii inasema nini?

Mwaka ni 1891. Lawrence Talbot, mwigizaji wa jukwaani, anarudi kwao Blackmoor, kijiji cha Uingereza, kwa sababu ndugu yake ameraruliwa na mnyama asiyejulikana. Wanakijiji tayari wana jibu. Ni Wajipsi, wapita njia waliopiga kambi pembeni, wana dubu wa kucheza ngoma. Usiku wa mbalamwezi wanabeba bunduki kwenda kambini. Kumbe mnyama ni Sir John, baba mzazi wa Lawrence, mwenye ardhi, mwenye jumba kubwa. Ndiye aliyemuua mkewe zamani, ndiye aliyemuua mwanawe juzi, na ndiye anayekaa mezani na wafiwa.

Mara ya kwanza niliiona Nyarugusu, Geita, kwenye banda la video, jenereta likinguruma nje na mtafsiri akipaza sauti juu ya sinema. Mtafsiri wetu hakusema mbwamwitu. Alisema fisi. "Fisi huyooo!" Banda zima likalipuka. Hakuna aliyehitaji maelezo, maana Usukumani kila mtoto amesikia kuwa wachawi wana fisi wao wanaowapanda usiku. Basi wale wanakijiji walipobeba bunduki kuwaendea Wajipsi, tulishangilia. "Wamalizeni!" Na mimi nilikuwemo. Kelele zile sijazisahau, kwa sababu mojawapo ilikuwa yangu.

Mara ya pili ilikuwa nyumbani, Shinyanga mjini, bila kelele, na nilimtafsiria Bibi kwa sauti ya chini. Tulipofika kwenye dubu, Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hao wageni wamefika lini?"

Nikamwambia, "Juzijuzi tu, Bibi."

"Na huyo mama mwenye nyumba alikufa lini?"

"Zamani, Lawrence akiwa mtoto."

"Basi si wao," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Washikaji, mimi nilikuwa nimeiona sinema hii na sikuwahi kujiuliza hilo. Bibi aliliona mara moja, na anayo sababu. Macho yake ni mekundu. Ni moshi, miaka na miaka ya kupikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kijijini alikotoka, macho hayo yalitosha kuwa ushahidi. Majirani walianza kwa kuacha kumsalimia. Baba akamleta mjini usiku.

Wengine hawakuletwa mjini. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo ya uchawi. Wanawake walikuwa 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa huku kwetu Usukumani. Sasa niambieni, hao waliokatwa mapanga walikuwa wameona sinema gani?

Na msidhani sinema inalaumu wanakijiji peke yao. Lawrence akishaumwa na yule mnyama, wasomi wa London wanamfunga kwa mikanda kwenye kiti, wanamtesa kwa jina la tiba, mbele ya madaktari wenye tai. Sisi nasi tumeona ya namna hiyo. Mwaka 1976 serikali ilikamata mamia ya watu Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za kuua wazee. Mahabusu waliteswa, na baadhi yao walikufa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kubeba dhamana. Watu walitafuta mnyama kwa panga, serikali ikawatafuta wenye panga kwa mateso, na vikongwe hawakupona kwa lolote.

Sasa njooni kwa Sir John. Septemba 2009, miezi michache kabla ya sinema hii kutoka, mahakama Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Waliokata walipatikana. Lakini kiungo cha mtu hakiuzwi kama nyanya gengeni. Yupo aliyeagiza, mwenye fedha, anayetaka dhahabu iongezeke au samaki wajae. Huyo ana nyumba nzuri, na misibani anatoa rambirambi. Sinema mnayoiita takataka inaelekeza kamera mlangoni kwake. Hadithi zetu ngapi zimefanya hivyo?

Mtasema mtu kugeuka mnyama si letu. Acheni hizo! Singida, jirani zetu, miaka ya 1946 na 1947 kesi za watu-simba zilifika mbele ya mahakimu wa mkoloni. Na Shaaban Robert je? Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wenye wivu wanageuzwa manyani. Tumekisoma shuleni, tumekifanyia mtihani, na hakuna mwalimu aliyesema kinafundisha ushirikina. Kwa nini nyani wa Shaaban Robert ni fasihi, na fisi wa banda la video ni upuuzi?

Ushirikina haukai kwenye manyoya. Unakaa katika kuonyesha kidole kwa haraka, na daima kwa mnyonge: kikongwe, mpita njia, mjane asiye na mtoto wa kiume. Hadithi ya kutisha inayomgeuza kikongwe kuwa mchawi halisi, ili msomaji afurahi akichomwa, hiyo ndiyo ya kukataa, hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha. Na zipo, tena nyingine zimesomwa kikaoni kwetu zikapigiwa makofi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenikejeli, sitaki uipende The Wolfman. Nataka uirudie, nyumbani, umekaa na mtu mzima anayekumbuka. Kisha uandike fisi wako. Mweke Ngokolo au mweke machimboni, akanyage vumbi la karasha, usiku wa mbalamwezi. Ila kabla kijiji hakijabeba mapanga, muulize swali la Bibi: watu wameanza kufa lini, na siku hiyo nani alikuwa tayari ana jumba?