Kijana, usipuuze onyo la kompaila

Mwenye nyumba ya mawe hapa Mji wa Kale anajua: ufa mdogo ukiachwa, masika yatakuja kudai ukuta mzima.

Basi wewe unayejifunza programu, mbona kompaila ikikupa maonyo kumi unasema, "Si inafanya kazi bwana, achana nayo"? Namba iliyotumika kabla ya kupewa thamani si jambo dogo. Kwenye draiva ya video, inayoendesha skrini, inaweza kukwamisha mashine nzima. Ndiyo maana Septemba 2021 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliweka mpangilio wa kuhesabu onyo kuwa kosa.

Lakini kuandika sifuri ili kompaila inyamaze tu ni kupaka chokaa juu ya ufa. Tafuta chanzo.

Na hapo pana fursa. Draiva ya video iitwayo sm750fb imo ndani ya Linux tangu 2015, na bado inangoja kusafishwa. Hakuna atakayekuuliza shahada. Watasoma marekebisho yako. Yakikubaliwa, jina lako linabaki kwenye kumbukumbu za Linux, na mwajiri yeyote ataliona.

Anza na onyo moja, leo.