Neno Moja, Maana Mbili: Funzo la Kitenzi "Suffer"

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipata kukaa nyuma ya darasa la sita, nikimsikiliza mwanachuo mmoja akifundisha msamiati wa Kiingereza. Aliandika ubaoni kitenzi "suffer", na kando yake neno "teseka". Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Nyumbani kwao, alisema, ipo picha ya Yesu amezungukwa na watoto, na chini yake limeandikwa neno hilo hilo. Je, Yesu aliamuru watoto wateseke? Darasa likacheka, mwalimu akamwambia akae chini.

Kwa maoni yangu, aliyestahili kusifiwa siku ile ni yule mtoto.

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, nacho kilipitia Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza. Maana ya shina lake ni kubeba. Abebaye maumivu huteseka. Avumiliaye jambo bila kulizuia huliruhusu. Hivyo maana mbili zikachipuka katika shina moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inazitumia zote mbili: katika Luka 24:46 Kristo anateseka, lakini katika Marko 10:14 wanafunzi wake wanaagizwa wawaruhusu watoto wamjie. Maana hii ya pili imefifia sana katika Kiingereza cha leo. Ndiyo maana Agano Jipya lililotolewa Marekani mwaka 1946 liliweka kitenzi "let" mahali pale.

Wala jambo hili si geni kwetu. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version imetumia hapo kitenzi "acha". Nasi twasema, "Mwache mtoto aingie," na pia, "Amemwacha mtoto njiani." Sentensi ya kwanza yamfungulia mtoto mlango, ya pili yamtelekeza. Hata hivyo hatukanganyikiwi, kwa kuwa tumelisikia neno ndani ya sentensi.

Basi, ndugu wanachuo, msiandike ubaoni neno pweke na tafsiri yake moja. Liwekeni katika sentensi mbili tatu, waulizeni wanafunzi maana yake, ndipo mthibitishe. Na mtoto akileta kutoka nyumbani neno lisilolingana na la ubaoni, msimkalishe chini. Mwacheni aulize.