Ruzuku ya wazee yapunguzwa bila kutangazwa

SERIKALI inapopunguza msaada kwa maskini, wananchi hutarajia kusikia tangazo. Katika miji ya Mlima Kenya hakuna aliyelisikia tangazo la aina hiyo, ilhali msaada umepungua.

Chukua fedha za Inua Jamii. Mzee aliyetimiza umri wa miaka 70 na asiyepokea pensheni alipangiwa Sh2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa papo hapo kwa zaidi ya mwongo mmoja, huku bei ya unga, sukari na mafuta ya kupikia ikipanda. Nani ahitaji kutia sahihi agizo la kukata fedha iwapo mfumko wa bei unaifanya kazi hiyo kimya kimya? Isitoshe, malipo yamewahi kucheleweshwa kwa miezi kadhaa. Ajuza wa Othaya au Mukurweini huchukua unga kwa mkopo dukani akingoja, na fedha zifikapo huwa tayari ni za mwenye duka.

Nyeri ina shida yake ya pekee. Kaunti hii, iliyokuwa na watu 759,164 katika sensa ya 2019, huhesabiwa miongoni mwa zile zenye kiwango cha chini cha umaskini. Wastani huo (rafiki mkubwa wa watayarishaji bajeti) hauonyeshi mtaa wa Witemere, wala boma lenye kishamba cha kahawa ambako wazee wamebaki na wajukuu baada ya vijana kuhamia Nairobi.

Vijana waliosalia walikuwa na Kazi Mtaani. Mpango huo ulienezwa kote nchini mwaka 2020, ukiwalipa Sh455 kwa siku kufagia na kuzibua mitaro. Ulikoma 2022. Ule uliofuata, Climate WorX, ulianzia Nairobi 2024. Kijana wa Karatina akarejelea kubeba mizigo sokoni na kuchuma kahawa, kibarua cha msimu.

Septemba 2022, ruzuku ya petroli nayo iliondolewa, na lita moja jijini Nairobi ikaruka kutoka Sh159.12 hadi Sh179.30. Hoja ya serikali kwamba hazina imelemewa na madeni ina uzito. Lakini ajuza yule hakushauriwa yalipokopwa.

Wabunge wa eneo hili waulizwe bajeti ijapo: Sh2,000 zitaongezwa lini, na zitalipwa tarehe ngapi ya mwezi?