Mgeni wa Muze Alale kwa Nani?

Ndugu wananchi wa Bonde la Rukwa, tukitaja utalii wengi hudhani ni jambo la Serengeti na la matajiri. La hasha! Sisi tulio chini ya Lyamba lya Mfipa, tukitazamana na Ziwa Rukwa, Mungu hakutunyima. Swali ni moja: mgeni akija, fedha yake itabaki kwa nani?

Tazameni Mto wa Mbu, kule Arusha. Nao ni wakulima wa mpunga chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara. Tangu miaka ya 1990 wenyeji huwatembeza wageni mashambani, na akina mama huwapikia majumbani mwao.

Kazi huzaliwa hivyo. Jamaa akifungua vyumba vinne, vitanda hutengenezwa na seremala wa hapa, mchele hununuliwa kwa jirani, magege kwa mvuvi, na kijana aliyemaliza shule huwaongoza wageni ziwani. Kampuni ya mbali huja na meneja wake, na faida hurudi ilikotoka.

Wako wasemao, "Nani atakuja Muze?" Wachuuzi wa mpunga na samaki wanakuja, tuanze na hao. Hata asafiriye kati ya mbuga ya Katavi na maporomoko ya Kalambo hupitia Sumbawanga. Atateremka kwetu akijua pana pa kulala.

Lakini tusidanganyane. Biashara ya jamaa isiwe utumwa wa jamaa. Binti afuaye mashuka ya wageni tangu alfajiri ni mfanyakazi, hata akiwa mpwa wa mwenye nyumba. Alipwe mshahara kwa tarehe yake, asiambiwe, "Si unakula hapa?"

Basi tufanye nini? Kwanza, tusigawe ovyo ardhi ya njia ya ziwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wake, na mkutano mkuu wa kijiji ni sisi wenyewe; tuhudhurie. Pili, vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu viombe mkopo wa halmashauri ya wilaya, ambayo kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili yao. Tatu, kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano ujao.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni juu yetu kuhakikisha anayepona ni mwenyeji.