Mgeni wa siku ya nne

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote.

Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wameuliza tulikuwa wapi mwezi uliopita. Tulikuwa Mtwara. Mama watoto alipangiwa na mwajiri wake kazi ya siku thelathini huko, nasi hatukuona vema asafiri peke yake na mtoto wa miaka minne. Tukaomba ruhusa kwa kamati ya msikiti, tukamkabidhi msaidizi wetu daftari la mapato na matumizi, tukapanda basi la alfajiri kutoka Mbagala. Wazee wetu waliisafiri njia hiyo kwa siku kadhaa wakati wa masika, wakisubiri kivuko cha Mto Rufiji. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na barabara kutiwa lami, mtu hula daku Dar es Salaam akafuturu Mtwara.

Hatukuwa na ndugu huko wala rafiki. Tulipanga chumba katika nyumba moja ya Chikongola, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na baraza mbele, wapangaji wanne na bomba moja la maji uani. Usiku wa kwanza mwenye nyumba alituletea wali na samaki wa nazi. Siku ya pili tukaletewa ugali wa muhogo, siku ya tatu chai na ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huila kama sisi tulavyo viazi. Siku ya nne hakuna aliyebisha hodi.

Hatukuwa na haki ya kulalamika. Mtume (SAW), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Na mgeni naye haimfalii kukaa kwa mwenyeji mpaka akamtia uzito. Wahenga wetu walikuwa wakali zaidi, wakampa mgeni jembe siku ya tatu. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukmu ya safari humwondokea tangu anapofika. Hapunguzi sala wala hazikusanyi. Basi sisi tulisali rakaa nne tangu Adhuhuri ya kwanza. Kwa sheria ya sala tulikuwa wakazi. Mtaani, hata hivyo, hatukuwa wageni tena, wala hatukuwa wenyeji.

Tukaanza kuutembea mji kwa miguu, asubuhi baada ya kumsindikiza mama watoto kazini, mtoto akiwa mabegani. Mtwara humchosha mtembeaji. Barabara zake ni pana, na kati ya mtaa na mtaa kuna uwazi mkubwa wa nyasi na mikorosho. Sababu yake ni ya kihistoria. Mji huu ulipimwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipokuwa na mradi wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Walitegemea shehena nyingi na watu wengi. Wakajenga bandari yenye kina kirefu, wakatandika reli kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota kama vitabu vyao vilivyosema. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Leo ipo kata inayoitwa Reli, na mtoto aliyezaliwa pale anaweza kuzeeka bila kuona behewa hata moja.

Kutoka hapo tuliteremka Shangani hadi pwani, mahali samaki wanapopakuliwa na abiria wanapovuka kwenda Msangamkuu. Tulisimama penye kivuli tukitazama wachuuzi wakinadi changu na pweza. Tulisalimia, tukajibiwa kwa adabu, na watu wakaendelea na kazi zao. Siku ile tulirudi nyumbani tukamwambia mama watoto kwamba watu wa mji huu ni wakimya. Yeye alicheka. Alisema kwamba pale bombani anawajua wanawake wote kwa majina ya watoto wao wa kwanza, na kwamba mwanetu amekwisha kula katika nyumba tatu. "Labda," alisema, "wanaume hamna bomba."

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Bomba la wanaume wa Kiislamu linajulikana, ni msikiti. Nasi kwa siku kumi tulikuwa tukisali Alfajiri safu ya nyuma, tukitoa salamu kulia na kushoto, tukitoka haraka kana kwamba tuna basi la kuwahi. Kesho yake tulibaki. Baada ya nyiradi, mzee mmoja aliyekuwa akiegemea nguzo alituita kwa mkono.

"Ustadhi, karibu. Umefikia kwa nani?"

Tukamweleza.

"Umekuja na nani?"

Tukamweleza.

"Haya. Na una haja gani ambayo sisi hatuijui?"

Swali la tatu lilitushinda. Tulisema hatuna haja, alhamdulillah. Akatutazama kidogo, akasema, "Mtu wa siku kumi katika mji wa watu hakosi haja, mjomba. Labda hajaulizwa." Kisha akaomba radhi kwa kuchelewa kutuuliza. Alisema alidhani sisi ni watu wa gesi, na watu wa gesi wana magari ya kuwachukua.

Tangu siku hiyo tuliujua mji kwa kupitia yeye. Alikuwa karani wa bandari katika ujana wake, na aliuhesabu umri wake kwa waliokuja na kuondoka. Baba yake alikuwa kibarua wa karanga. Yeye mwenyewe aliwaona watu wa Msumbiji wakivuka Mto Ruvuma katika vita vya ukombozi, kuanzia mwaka 1964 mpaka uhuru wao ulipokaribia, wengine wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani tu. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto, kwa hiyo aliyevuka mara nyingi aliweza kumtaja mjomba wa upande huu. Na asiyeweza kumtaja, alisema mzee, alipewa mjomba. Baadaye ikaja gesi ya Ghuba ya Mnazi, na pamoja nayo matumaini makubwa, na mwaka 2013 ghasia za bomba la kwenda Dar es Salaam, ambazo hakutaka kuzizungumza kwa kirefu. "Kila anayekuja," alisema, "anakuja kuchukua kitu au kutafuta kitu. Msikiti ndio mahali pekee pa kumuuliza bila kumdai."

Alitupeleka Mikindani, mwendo wa kilomita kama kumi na moja kwa daladala. Huko nyumba za matumbawe zenye milango ya nakshi zimesimama karibu karibu, nyingine zimeezuliwa na miaka, na juu yake kuna boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni nyumba ya kulala wageni. Wageni wa nje hupaulizia kwa sababu Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mzee wetu alitupitisha kwanza makaburini, tukawaombea waliotangulia, ambao hakuna kibao kinachowataja. Siku nyingine tulikwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari inayofika mpaka maingilio ya Ruvuma, tukaona mikoko na mchanga mweupe, na wavuvi ambao jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka.

Lakini hatuandiki makala haya ili kuisifu Mtwara. Tunayaandika kwa sababu ya swali la tatu la yule mzee.

Mwaka jana, katika msikiti wetu hapa Mbagala, mtu mmoja alianza kulala barazani. Alikuwa mtu mzima, mwenye kapu la ukindu na mkeka uliokunjwa vizuri. Alikuwa wa kwanza katika safu ya Alfajiri. Hakuomba kitu kwa yeyote. Kamati ilikuwa na hofu yake, na hofu ile haikuwa ya bure. Miezi michache nyuma betri ya kipaza sauti ilikuwa imeibwa usiku. Tukakaa kikao, tukakubaliana, na sisi kama katibu tukaandika tangazo kwa mkono wetu: Ni marufuku kulala msikitini. Tukalibandika juu ya mahali alipokuwa akiweka kapu lake.

Alilisoma baada ya Isha. Akakunja mkeka, akatupa salamu, tukaitikia, akaondoka. Siku kadhaa baadaye mwadhini alituambia kuwa mtu yule alitoka Newala, na alikuwa akimuuguza mkewe hospitalini. Mchana alikuwa wodini, na usiku hakuwa na pa kuweka ubavu. Alikuwa amesali nasi kwa siku ishirini na mbili. Jina lake hatulijui. Kama mkewe alipona, hatujui. Tulikuwa na daftari linaloonyesha nani ametoa shilingi ngapi Ijumaa ipi, na hatukuwa na ukurasa hata mmoja wa kumwandika yeye.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah (SW) ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, kisha akawataja jirani wa karibu, jirani wa mbali, mwenza aliye ubavuni na msafiri. Tukiitafakari aya hiyo tutaona kuwa mtu yule aliingia katika sifa tatu kwa mpigo: alikuwa msafiri, alikuwa jirani wa msikiti, na alikuwa mwenza wa ubavuni, bega kwa bega katika safu. Na katika Suratut-Tawba, aya ya 60, msafiri aliyekwama ni mmoja wa wale wanane wanaostahiki zaka, hata kama kwao ana shamba la mikorosho. Tuliyasoma hayo chuoni, tukayafanyia mtihani, tukafaulu. Mtihani wenyewe ulikuja barazani na kapu la ukindu.

Tuliporudi tuliyaeleza haya mbele ya kamati, nasi tukaanza kwa kukiri kosa letu. Ndugu mmoja alituuliza, kwa haki kabisa, je, tukifungua milango na wezi wakaingia, nani atajibu? Hatukutaka kulibeza swali hilo. Mali ya wakfu ni amana. Baada ya mjadala mrefu tangazo halikuondolewa, bali limeongezwa mstari chini yake: Mgeni asiye na pa kulala amwone katibu au mwadhini. Waumini wawili wenye vyumba vya uani wamekubali kumpokea mtu kwa siku tatu, baada ya kujulishwa kwa mjumbe wa mtaa. Na katika daftari sasa kuna ukurasa wa wageni, wenye nafasi ya jina, anakotoka, aliyefikia kwake, na haja yake.

Tunaziomba familia zinazosoma ukurasa huu zifanye jambo dogo kabla ya Ijumaa ijayo. Baba, ukitoa salamu ya mwisho mtazame aliye ubavuni mwako; kama humjui, usiinuke mpaka umemuuliza yale maswali matatu. Mama, ambaye mara nyingi umetutangulia katika hili, mkumbuke mpangaji mpya ambaye bado anachota maji kimya kimya. Mtume (SAW) alimuusia sahaba wake Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi ili awakumbuke majirani, na maji hayana gharama. Na wewe uliye ugenini, usikae safu ya nyuma ukihesabu ni nani hajakusalimia, kama tulivyofanya sisi. Baki kidogo baada ya sala. Mtu akikuuliza haja yako, usione haya kuitaja.

Siku ya kuondoka Mtwara, kabla ya adhana ya kwanza, tulimkuta mzee stendi na mfuko wa korosho zilizobanguliwa na mkewe. Mwanetu alikuwa amelala begani. Tulimuuliza tumlipe nini kwa mwezi mzima wa kututembeza. Akasema, "Kuna watu wetu wengi huko Mbagala. Wakija kusali kwenu, waulizeni."

Hatukumwambia habari za mtu wa Newala. Tulishindwa. Tunaiandika leo hapa, na tunamuomba Allah (SW) amlipe mtu yule kheri popote alipo, ampe afya mkewe kama yu hai na amrehemu kama ametangulia, na atusamehe sisi tuliobandika karatasi pale tulipotakiwa kuuliza swali.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.