Kadi Mfukoni, Jina Halimo

KATIKA siku kumi za kuandikisha wapiga kura wa Serikali za Mitaa, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, 2024, jibu moja lilisikika mara nyingi katika Jiji la Arusha pale mtu alipoulizwa kama amekwisha kujiandikisha: "Mimi kadi ninayo tangu zamani." Aliyejibu hivyo alijibu kwa yakini, na aghalabu alikuwa mtu mzima, mwenye familia, mwenye kufuatilia mambo. Hata hivyo, ilipofika tarehe 27 Novemba, kadi hiyo haikuweza kumpatia karatasi ya kura ikiwa jina lake halikuwamo katika orodha ya mtaa wake.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, kwani wako waumini wengi ambao mpaka leo hawajaitambua tofauti iliyopo. Tena ni jambo ambalo likielezwa wakati wa joto la kampeni hudhaniwa kuwa lina mkono wa chama fulani. Uchaguzi ujao wa mitaa na vijiji, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni wa mwaka 2029. Wasaa wa kuelimishana upo.

Katika nchi yetu mpiga kura huandikwa katika vitabu viwili, na kimoja hakijui kilichomo katika kingine. Cha kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika kwa mara ya kwanza katika Uchaguzi Mkuu wa 2005 na ambalo tangu 2015 huandikishwa kwa mashine zenye kuchukua picha na alama za vidole. Daftari hili liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hilo ndilo litoalo kadi, na kwalo huchaguliwa Rais, Mbunge na Diwani wa kata. Cha pili ni orodha ya wapiga kura wa mtaa au kitongoji. Orodha hii huandaliwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI; haitoi kadi yoyote, na huanza upya kila unapofika uchaguzi. Aliyejiandikisha mwaka 2014 hakubebwa kwenda 2019, na wa 2019 hakubebwa kwenda 2024.

Sasa tazama namna mambo yalivyofuatana hapa kwetu. Oktoba 2024 watu waliitwa kujiandikisha kwa ajili ya mitaa. Novemba wakapiga kura. Desemba, miezi miwili tu baada ya wito wa kwanza, Tume nayo ikaleta mashine zake mkoani Arusha kuboresha Daftari la Kudumu, na watu wakaitwa tena! Mwananchi wa kawaida, mwenye duka lake Ngarenaro au shamba lake la ndizi juu ya Tengeru, atawezaje kulaumiwa kwa kuchanganyikiwa? Tume yenyewe ililazimika kutoa ufafanuzi kwa umma kwamba daftari hizi mbili si kitu kimoja. Sisi tunasema wazi kwamba utaratibu huu unamzidishia raia mzigo usio na sababu. Sheria ya Tume, Na. 2 ya 2024, imegusia Tume kusimamia uchaguzi wa mitaa pindi itakapotungwa sheria ya kuuwezesha. Wako wananchi waliokwenda Mahakama Kuu mwaka huo wakipinga uchaguzi kubaki mikononi mwa TAMISEMI, lakini hawakufanikiwa. Basi mpaka sheria ibadilike, vitabu vitabaki viwili, nasi hatuna budi kuvijua vyote.

Sifa za kuandikwa katika orodha ya mtaa si ngumu. Awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, na awe mkazi wa eneo lile. Mgombea huongezewa masharti: miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kuwa na shughuli halali ya kumpatia kipato, na kudhaminiwa na chama cha siasa. Katika hizo, sifa inayowakwamisha watu wengi mjini ni ile ya ukazi, nayo inakwamisha kwa sababu ya dhana tupu. Wapangaji wanadhani kwamba mtaa ni wa wenye nyumba. Kijana aliyepanga chumba Unga Limited au Sombetini husema kwao ni Kondoa, au Singida, au Tanga, na kwamba kura yake iko kwao. Lakini kwao hayupo kujiandikisha, na hapa hataki. Matokeo yake hana kura popote. Ukazi ni kuishi mahali. Hauulizi hati ya nyumba.

Jiji hili lilikuwa na watu 416,442 katika sensa ya 2012, na katika sensa ya 2022 walikuwa wamevuka laki sita. Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa ni la wageni waliokuja kutafuta riziki, wakaoa, wakazaa na kuzika hapa. Ikiwa wote hao watajihesabu kuwa wapita njia, basi mtaa wenye maelfu ya watu utachaguliwa na wachache, na hao wachache hawatakuwa wamemdhulumu mtu.

Kuhusu uraia nako kuna wasiwasi ambao hatuwezi kuunyamazia. Arusha ina familia za asili ya Kisomali, Kiarabu na Kihindi zilizokaa hapa tangu zama za ukoloni, na wako baadhi yao wanaoogopa kusogelea meza ya mwandikishaji wasije wakaulizwa walikotoka babu zao. Sheria ya Uraia, Na. 6 ya 1995, inazungumzia uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Haizungumzii umbo la pua wala jina la ukoo. Mwenye shaka juu ya nyaraka zake azitengeneze mapema katika ofisi zinazohusika, maana siku kumi za uandikishaji hazitoshi kufuatilia cheti cha kuzaliwa.

Tusisahau kwamba haki hii ya kuandikwa bila kuulizwa mali wala elimu haikushuka yenyewe. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Kisha alilazimishwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wazee wengi wa mijini walioibeba TANU mabegani, wasomi wa chuoni na si wa shule za serikali, hawakuwa na sifa ya kukichagua chama walichokijenga. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikubali kuingia katika uchaguzi huo wa dhulma baada ya mabishano makali, kwa hesabu kwamba wachache wenye sifa wakijiandikisha na kupiga kura watawafungulia mlango wasio nazo. Katika Jimbo la Kaskazini, makao yake yakiwa Arusha hii hii, mmoja wa waliochaguliwa mwaka 1958 alikuwa mwanamke Muislamu, Bibi Sophia Mustafa, aliyeungwa mkono na TANU.

Yuko atakayesema: mwenyekiti wa mtaa ni nani hata nipoteze saa nzima kwa ajili yake? Ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho unapotafuta kitambulisho cha taifa, unapomdhamini ndugu yako mahakamani, unapoomba mkopo. Mbele yake hushuhudiwa mauziano ya viwanja. Mkutano wa mtaa wake ndio unaotaja kaya maskini za kuingizwa katika mpango wa TASAF. Mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya msikiti, eneo la makaburi lililoanza kumegwa, ulinzi wa usiku: haya yote huanzia mezani kwake kabla hayajafika kwa Diwani.

Na huko mlimani jambo ni zito zaidi, kwa kuwa ni jambo la ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na wajumbe wake huchaguliwa katika uchaguzi huu huu ambao watu wanaudharau. Watu wa Meru wanaijua thamani ya ardhi kuliko wengi. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipelekwa New York kuwasemea katika Umoja wa Mataifa. Watu wale hawakuwa na baraza walilolichagua wenyewe ambalo lingeulizwa kabla nyumba zao hazijachomwa. Leo mjukuu wao anaye wa kumuuliza, tena anakaa jirani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Je, ni wangapi wetu walihudhuria ule wa mwisho?

Kwamba sifa ya mpiga kura ni jambo dogo la makarani, watu wa Arusha hawawezi kuambiwa wakaamini. Desemba 2010 madiwani walipomchagua Meya, ugomvi mkubwa ulihusu mbunge mmoja wa viti maalumu aliyedaiwa kupatikana kupitia mkoa wa Tanga, ikiwa ni halali au si halali apige kura katika halmashauri ya Arusha. Swali la ukazi wa mtu mmoja! Tarehe 5 Januari, 2011 yakafanyika maandamano, risasi zikalia, na watu wakafa.

Tunafika sasa kwenye hoja ambayo vijana wetu huitoa, nayo si hoja ya kupuuzwa. Wanasema: kujiandikisha kwa faida gani? Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Kisha ukaja Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba, 2025, chama kikuu cha upinzani kikiwa nje ya kinyang'anyiro, na machafuko yakazuka katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo, watu wakapoteza maisha. Mshindi wa urais alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuambiwa tu kwamba kura ni wajibu, akatii.

Hatumwambii kwamba mambo yako sawa. Tunamwambia kwamba kususa uandikishaji hakumnyimi mtu yeyote usingizi. Wagombea walioenguliwa walipiga kelele na kelele zao zikasikika kwa kuwa walikuwa wamejaza fomu. Mpiga kura aliyekuwamo katika orodha akanyimwa nafasi ya kuchagua ana la kudai, na ana karatasi ya kuonyesha. Ambaye hakuandikwa, atadai nini, na kwa nani? Kusimama nje ya orodha kunaonekana kama msimamo machoni pa anayesimama. Kwa karani wa mtaa ni mtu ambaye hayupo.

Msikiti una nafasi gani katika haya? Kampeni ndani ya nyumba za ibada zimekatazwa, nasi tunaliunga mkono katazo hilo kwa dhati. Mimbari ikimtaja mgombea, safu zitagawanyika. Lakini kutangaza tarehe za uandikishaji si kampeni. Zile siku kumi za Oktoba 2024 zilianza siku ya Ijumaa na zilikuwa na Ijumaa mbili, tarehe 11 na tarehe 18. Tunajiuliza ni misikiti mingapi, kuanzia Bondeni hadi Usa River na Ngaramtoni, ilitumia dakika moja baada ya swala kusema kituo kiko wapi na kinafungwa lini.

Na hata tangazo hilo likitolewa, tunaoliona ni wanaume. Mama wa nyumbani wa Daraja Mbili atalisikia wapi, ikiwa mumewe hakulifikisha? Madarasa ya akina mama ya alasiri yatumike. Kadhalika, baada ya uandikishaji orodha hubandikwa hadharani ili ikaguliwe. Hapo ndipo jina lililokosewa hurekebishwa, na hapo ndipo mtu hujua kama Mwanahamisi wake ameandikwa Mwanaisha. Wachache mno huenda kuitazama.

Kwa wale waliohama, tuseme kutoka Kaloleni kwenda Olasiti au Muriet walikopata viwanja, kadi zao bado zinawasomesha kata ya zamani mpaka waombe kuhamishiwa, na hilo hufanyika Daftari la Kudumu linapoboreshwa. Wanafunzi wa madrasa waliokuwa na miaka 13 mwaka 2024 watatimiza 18 mwaka 2029. Majina yao na ya wazazi wao yamo katika madaftari ya walimu wetu. Kamati za misikiti zianze na hayo.